Kuwa mshauri wa fedha Tanzania: ni vyeti, leseni au mtu alivyo?

#1 Mwana_wa_Masasi
Wakuu, salaam.

Nina shahada ya uhasibu, nafanya kazi benki huku mkoani. Nilianzia dirishani, sasa nipo mikopo. Kila wiki watu wananivuta pembeni. Mwalimu anataka akope ajenge, mama kauza korosho hajui hela aiweke wapi, kijana kaajiriwa juzi anaulizia hisa. Naona kuna kazi kamili hapo: kukaa na mtu mezani, kupitia kipato chake, madeni, ada za watoto na uzee wake, kisha kumsaidia apange. Nataka niondoke benki taratibu niingie huko.

Nauliza kazi hii inataka nini hasa. Kuna wanaonisukuma nikasome CFA, ile mitihani ya kimataifa ya uchambuzi wa uwekezaji. Wengine wanasema leseni kwanza. Bosi wangu wa zamani anashikilia kwamba haisomewi, ni mtu kuwa msikivu, mwaminifu na asiye na papara, mengine unayapata njiani. Mimi namwamini bosi. Nipingeni kwa hoja.

#2 Kitasa
Nimekaa kiti cha mbele.

#3 Broka_Mstaafu
Bosi wako anaweza kukupeleka pabaya, kijana. Usikivu hauondoi sheria.

Tuna Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994. Ukiwashauri watu kwa malipo kuhusu hisa, hatifungani (karatasi za kuikopesha serikali au kampuni) au vipande vya mifuko ya uwekezaji, unapaswa kuwa na leseni ya CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kuna leseni ya mshauri wa uwekezaji, na kuna ya mwakilishi wake. Wengi huanza kama wawakilishi chini ya kampuni iliyokwisha kupata leseni. CMSA wana kozi yao ya cheti kwa watu wa soko la mitaji, na wameshirikiana na taasisi ya CISI ya Uingereza katika mafunzo hayo. Humo utakuta sheria, maadili ya kazi, aina za dhamana na namna ya kuzichambua.

Ukigusa bima, hapo ni TIRA, mamlaka ya kusimamia bima, na uwakala unataka cheti cha umahiri cha bima. Ukianza kukopesha au kukusanya akiba za watu, kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na Benki Kuu yenyewe. Pesa ya kaya moja tu inaweza kukupitisha kwenye milango mitatu ya serikali.

#4 Mama_Vikoba
Broka shikamoo. Nakuheshimu ila sikubali kwamba tuanzie leseni.

Kikundi chetu kilimwalika mtaalamu mwenye vyeti vyake vyote. Kaeleza hisa vizuri sana, gawio (mgao wa faida ya kampuni), bei kupanda na kushuka, michoro ukutani. Hakumuuliza hata mmoja wetu anadaiwa nini. Mimi nawajua wenzangu. Karibu nusu yao walikuwa kwenye mikopo ya kausha damu, wengine wanalipa marejesho kila siku jioni. Mtu wa hali hiyo ukimwambia anunue hisa umemuumiza, kwa sababu hakuna hisa itakayomlipa kwa kasi ya riba anayokamuliwa. Wawili walienda kununua, wakaziuza kabla ya gawio la kwanza ili walipe mkopo.

Kwa hiyo mimi naweka kuuliza mbele ya yote. Daktari asiyepima hata awe na shahada tatu simpelekei mwanangu.

#5 Chuma_Ulete
Mama_Vikoba, huyo hakuja kushauri, alikuja kutafuta wateja. Mlimpa na soda?

#6 Mama_Vikoba
Soda na maandazi, na bahasha ya nauli 😂

#7 Mwana_wa_Masasi
Broka, asante. Nikimwambia mwalimu "usichukue mkopo wa pili, maliza wa kwanza", hapo nahitaji leseni ya CMSA?

#8 Broka_Mstaafu
Hapana. Bajeti, nidhamu ya madeni, akiba ya dharura, hayo si dhamana. Leseni inaanza kukuhusu pale unapomwambia "nunua hisa za kampuni fulani" au "hamisha hela iende mfuko fulani" na wewe unalipwa kwa kazi hiyo. Tatizo, mteja hakai upande mmoja. Leo mnaongea bajeti, mwezi ujao deni limeisha, anakuuliza hela iliyobaki iende wapi. Utamjibu nini? Ndiyo maana nasema leseni mapema.

Na Mama_Vikoba, marahaba. Hoja yako naipokea, ila ujue mafunzo mazuri yanafundisha huko kuuliza. Mshauri hutakiwa kujua hali ya mteja, lengo lake na hasara anayoweza kuibeba kabla hajapendekeza kitu. Huyo mgeni wenu aliruka hatua anayoijua.

#9 Mwalimu_Mstaafu_Iringa
Nimesoma yote kwa utulivu. Naomba niongee kwa upande wa wanaoshauriwa.

Tunaopokea mafao tunafahamika mtaani kabla hela haijaingia. Kwanza anakuja wa viwanja, kisha wa bodaboda za hesabu, wa mabanda ya kuku, na mpwa mwenye wazo la lori. Kila mmoja anajiita mshauri. Na mkupuo wenyewe mnajua ulivyokuwa, kikokotoo, yaani sehemu ya mafao unayopewa kwa mkupuo, kilipofika 33% mwaka 2022 watu walilia, na hata kilipopandishwa hadi 40% kwenye bajeti ya 2024 bado hela ni ileile ya mara moja maishani. Ikipotea hakuna nyingine, na pensheni ya mwezi haijengi upya.

Kwenye semina yetu ya kujiandaa kustaafu alikuja binti mdogo, umri wa kitindamimba wangu. Wazee walimwangalia kwa dharau. Alituambia mambo mawili. Hela ikiingia usiifanyie uamuzi wowote mkubwa kwa miezi sita, iache mahali salama. Na siku ya kuamua, kaeni wewe na mwenzi wako, siyo wewe na mpwa. Mwenzangu mmoja alimpuuza akanunua lori kuukuu, nalo liko juu ya mawe hadi leo. Waliomsikiliza bado wana kitu.

Sijui binti yule alikuwa na cheti gani. Alichokuwa nacho ni ujasiri wa kuwaambia wazee subirini, wakati kila mtu mwingine ukumbini alitaka tuharakishe.

#10 Kitasa
Mwalimu, shikamoo. Hii ya miezi sita naihamishia kwa baba leo hii.

#11 DogoForex
Wazee mnachelewa. Watu wanashauriana Telegram, mentor wangu hana cheti hata kimoja na ana wafuasi kibao. Wengine hapa jukwaani mnasifu hatifungani za serikali, unafungiwa hela yako miaka 25. Nani anaishi hivyo?

#12 Kuponi_Mbili
Dogo, hapo umekosea, na ndiyo hatari ya kushauriwa na mtu asiyesoma.

Hatifungani ya serikali ya miaka 25 haikufungii. Unainunua kwenye mnada wa Benki Kuu kuanzia shilingi milioni 1, inalipa kuponi, yaani riba yake, mara mbili kwa mwaka, na ukitaka kutoka unaiuza Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) kupitia broka, dalali wa soko hilo. Chukua milioni 10 kwa kuponi ya 12.56%: kwa mwaka ni 1,256,000, yaani 628,000 kila miezi sita. Kuponi hiyo haikatwi kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa.

Ila wenzangu tunaozipenda nasi tuache kusema "huwezi kupoteza". Unaweza. Bei sokoni inacheza kinyume na viwango vya riba. Walionunua za miaka 25 mwaka 2021 kwa 15.95% walifurahi viwango viliposhushwa 2022, maana karatasi yao ilipanda bei, kila mtu aliitaka. Viwango vikipanda inakuwa kinyume chake, na aliyelazimika kuuza kwa sababu ya ada ya shule anauza kwa hasara. Mshauri asiyeweza kumweleza mama wa korosho jambo hili kwa maneno yake mwenyewe, akaelewa, bado hajawa mshauri.

Huyo mentor muombe taarifa kamili ya akaunti yake ya mwaka mzima, siyo picha ya siku moja aliyopata.

#13 Chuma_Ulete
Na umuulize analipwa na nani. Wengi wao wanalipwa na dalali wa forex (biashara ya fedha za kigeni) kwa kila kichwa wanachokiingiza. Faida yao haitoki sokoni, inatoka kwa wafuasi.

#14 DogoForex
Sawa, la bei nimelielewa, asante. Lakini nyie wenyewe mnanipa hoja. Mnakumbuka DECI, ule upatu wa 2009? Watu walipanda mbegu kwa maelfu, yaani waliweka hela wakiahidiwa kuvuna zaidi. Nani aliuliza leseni? Walimwangalia mtu: kanyooka, anamtaja Mungu, anaongea vizuri. Bosi wa mleta uzi anasema tabia ndiyo kila kitu, na tabia ndiyo inayoigizwa kirahisi kuliko zote. Leseni angalau unaweza kuikagua.

#15 Broka_Mstaafu
Dogo, leo umenifurahisha.

#16 Mwana_wa_Masasi
Aisee. Post #14 imenikaa.

#17 Njoki_wa_Thika
Habari za huko, majirani. Hapa Kenya tunao mtihani wetu wa KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu na fedha, unaoitwa CIFA, wa wachambuzi wa uwekezaji na fedha, na kuna taasisi ya kitaaluma, ICIFA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kwa hiyo kwa upande wa karatasi tumepiga hatua.

Lakini wenye CIFA ninaowajua wako kwenye kampuni za mifuko, benki na pensheni. Wanashughulika na mamilioni ya fedha za taasisi. Anayeketi sebuleni kwa mama wa Thika ni ajenti wa bima, na yeye hulipwa kamisheni kwa polisi, yaani mkataba wa bima, atakayouza. Mama yangu aliuziwa polisi ya miaka mingi alipokuwa amebakisha miaka michache tu ya kufanya kazi. Aliposhindwa kulipa akaisalimisha, akarudishiwa kidogo sana kuliko alichoweka. Ajenti hakudanganya neno hata moja, nilisoma karatasi zote. Alijibu kila alichoulizwa. Shida ni kwamba mama hakujua la kuuliza, na ajenti hakuwa na sababu ya kumfundisha.

#18 Mtu_wa_Reading
Njoki amegusa penyewe. Niko Uingereza, ndugu yangu wa karibu anafanya kazi hii.

Huku mwanzoni mwa 2013 walipiga marufuku washauri kulipwa kamisheni na kampuni za uwekezaji. Mshauri anamtajia mteja ada yake waziwazi, wanakubaliana. Na kiwango cha chini cha elimu kikapandishwa, lazima ufikie ngazi ya 4, kisha kila mwaka uonyeshe saa 35 za kujiendeleza. Ndugu yangu pamoja na uzoefu wake wote bado anakaa darasani.

Kwa hiyo mnaobishana tabia na vyeti, mimi natazama malipo. Mtu mwema akilipwa kwa kuuza, baada ya miaka michache atakuwa muuzaji, na hatahisi amebadilika. Mfumo unaolipa kwa ushauri unamsaidia abaki mwema.

#19 Mama_Vikoba
Mtu wa Reading, na wasio na hela ya ada huko wanafanyaje?

#20 Mtu_wa_Reading
Swali zuri, Mama. Hilo ndilo lawama kubwa dhidi ya mabadiliko yale. Wenye akiba ndogo wengi walibaki bila mshauri, maana ada ni kubwa kuliko faida ya ushauri wenyewe. Kuna huduma za bure za kutoa elimu na kusaidia wenye madeni, ila kukaa na mshauri wako mwenyewe imekuwa jambo la wenye nacho.

#21 Mama_Vikoba
Basi hilo halijatufaa sisi bado. Kwangu mtu akidai elfu hamsini ya maongezi tu, hata kama ataniokolea milioni, wanakikundi watasema ametuibia. Kamisheni mbaya, ada hailipiki. Mleta uzi utakula nini?

#22 Chuma_Ulete
Maandazi.

#23 Karafuu_Mkavu
Asalaam alaykum. Mbona hamjamtaja mteja asiyetaka riba?

Mie niko Wete, Pemba. Kijana wa benki alikuja skuli kwetu akatwambia hatifungani, akiba ya muda maalumu, mikopo ya nyumba. Nusu ya walimu wakanyamaza kwa adabu. Hakujua kwamba kila alichokitaja kina riba ndani yake, na mtu wa dini hakitaki. Angelijua angeanza na hisa za kampuni ambazo biashara yake ni halali, sukuk (hatifungani zisizo na riba), ubia, au akaunti za benki zinazofuata sharia. Amana Bank ipo tangu 2011, si jambo geni nchini.

Huyo alikuwa na shahada na alikuwa na adabu njema. Kilichomkosesha ni kutotujua sisi ni watu gani.

#24 Ngazi_ya_Pili
Nimefaulu ngazi ya kwanza ya CFA, nasomea ya pili, kwa hiyo nijibu kuhusu hilo.

CFA ina mitihani mitatu, na ukimaliza bado unahitaji saa 4,000 za uzoefu wa kazi husika, katika muda usiopungua miezi 36. Maadili yanapimwa ngazi zote. Utajifunza kuthamini kampuni, hatifungani kwa undani, derivativu (mikataba ambayo thamani yake hutegemea mali nyingine), usimamizi wa mikusanyiko ya uwekezaji. Ni elimu nzito na siijutii. Kwa kazi aliyoieleza mleta uzi, sehemu kubwa haitatumika. Kinachofanana zaidi na kazi yake ni CFP, ya upangaji wa fedha za watu binafsi, ambayo imekita sana Afrika Kusini.

Kuna mambo hakuna mtihani wa nje utakaokufundisha. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE linakatwa kodi ya zuio 5%, la isiyoorodheshwa 10%. Riba ya amana yako benki inakatwa 10%. Mkulima wa tumbaku ana kipato mara moja kwa mwaka, na mpango wa "weka 10% kila mwezi" kwake hauna maana. Kwa mifuko ya pensheni, mtumishi wa umma yuko PSSSF, wa kampuni binafsi NSSF, na mama lishe hana chochote mpaka ajiunge mwenyewe kwa hiari. Mchango wa harusi ni deni la jamii, ukimwambia mteja aache kuchanga hatakurudia.

Vyuo vipo: IFM, Uhasibu Arusha, Mzumbe, UDSM. Ukiwa mwanafunzi ingia shindano la DSE la wanachuo, unanunua na kuuza hisa kwa hela ya kufikirika kwa bei halisi za soko. Mimi mapenzi yalianzia hapo.

#25 Hesabu_Safi
Kidogo nje ya mada. Mdogo wangu naye anataka njia hii. Nimemwambia aanze yeye mwenyewe kuwa mwekezaji, atumie hata UTT, ile taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, ipo tangu 2005.

#26 Kuponi_Mbili
Marekebisho madogo tu: UTT ilianzishwa 2003, mfuko wake wa Umoja ndio ulioanza 2005. Ushauri wako kwa mdogo wako naunga mkono. Aliyewahi kuona thamani ya vipande vyake ikisimama wakati anaumwa na anahitaji hela anaongea tofauti na aliyeisoma.

#27 Hesabu_Safi
Nashukuru mkuu.

Basi niongeze: mshauri asiye na hata kiwanja anamshauri nani? Mimi simsikilizi mtu anayepanga chumba akinielekeza nitajirike.

#28 Ngazi_ya_Pili
Kaka, mimi napanga na nina vipande na hatifungani. Nyumba na akili ya fedha ni vitu viwili. Ninaowajua wenye ghorofa na wanakimbia simu za mkopo ni wengi.

#29 Hesabu_Safi
Hao wenye ghorofa angalau wamejenga. Nimesimama palepale.

#30 Afisa_Mikopo_Kanda
Mmeandika marefu na hakuna aliyetaja siri.

Mleta uzi yuko mji mdogo. Huko, mshauri atajua mke amefungua akaunti mume hajui, atajua mchungaji anadaiwa, atajua nani kauza shamba la urithi. Kuna ofisi moja niliyowahi kuwa, mfanyakazi mwenzetu alitaja baa mkopo wa mfanyabiashara mmoja. Kesho yake wenye mali waliomkopesha bidhaa walifika dukani wote pamoja. Mtu aliyekuwa analipa vizuri alifunga duka ndani ya muda mfupi.

Sasa hivi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo si suala la aibu tu. Mimi nikiajiri mshauri, nitauliza kwanza kwa jirani zake kama ana mdomo. Hesabu nitamfundisha.

#31 Mwalimu_Mstaafu_Iringa
Afisa, hilo la siri ni zito. Sisi wastaafu tunasema hatuna hela kwa sababu tunaogopa hasa jambo hilo. Mshauri anaanza kazi na taarifa za uongo, na sisi ndio tumempa.

#32 Mwana_wa_Masasi
Wakuu wote, ahsanteni. Nimebadilika kidogo. Dogo na Broka wamenitoa kwa bosi, Mama_Vikoba na Mwalimu wananirudisha. Swali la Mama_Vikoba #21 kuhusu malipo sijapata jibu lake.

Ninachofanya sasa: nabaki benki, nijiandikishe kozi moja mwaka huu. Hela yangu inatosha moja tu. Nianze ya CMSA au cheti cha bima?

#33 Broka_Mstaafu
CMSA. Bila kusita. Na soma mkataba wako wa ajira kuhusu kazi za pembeni kabla hujamshauri mtu yeyote kwa malipo.

#34 Njoki_wa_Thika
Bima. Ndiyo itakayokupa mkate mapema, na wateja wako wengi hawana hata bima ya afya. Ila mwambie kila mteja unapata kamisheni kiasi gani, kabla hajatia sahihi.

#35 Broka_Mstaafu
Njoki, tumekuwa pamoja uzi mzima, leo tumetengana. Ataanza kulipwa kwa kuuza, halafu tutamtarajia ashauri? Rudi #18.

#36 Njoki_wa_Thika
Nimerudi, nikasoma na #21. Wewe umlipe mshahara huo mwaka wa kwanza basi, mzee.

#37 Karafuu_Mkavu
Akichagua bima aulize na takaful, bima ya Kiislamu. Nakumbusha tu.

#38 Mama_Vikoba
Masasi, njoo kwenye kikundi chetu Jumamosi moja kabla ya kozi yoyote. Usilete michoro. Kaa usikilize watu wanavyosoma madaftari yao, halafu utajua unachokosa. Nimekutumia namba ya katibu kwa ujumbe wa faragha.